Sinema za Shule na Wale Tuliowasahau



Kamati ya gazeti letu iliponitaka niandike makala ya historia kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu, nilidhani inataka historia ya shule: bweni lipi lilijengwa kwanza, nani walikuwa Wakuu wa Shule, timu yetu ya mpira iliwafunga akina nani. Hayo wenzangu wamekwisha kuyaandika katika matoleo yaliyopita, tena vizuri kuliko ningeweza mimi. Nimechagua habari nyingine, ambayo kwa mtazamo wa kwanza yaweza kuonekana kuwa ya mchezo: habari za sinema zinazosimulia maisha ya shule za sekondari za zamani. Namwomba msomaji asikimbilie kufunua ukurasa. Ninayo sababu yangu, nami nitaifikia.

Sinema ilivyotufikia

Katika nchi yetu sinema ilianza kama darasa kabla haijawa starehe. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri karibu na Korogwe, Waingereza wawili, Meja Notcutt na Bwana Latham, waliongoza jaribio la kutengeneza sinema za kuwaelimisha Waafrika. Zilitengenezwa sinema fupi 35, nazo zikazungushwa kwa lori katika Tanganyika na nchi za jirani. Zilifundisha kujikinga na safura, kulipa kodi, na kuweka akiba katika Benki ya Posta. Baadaye, katika miaka ya 1950, zikaja sinema za Kiswahili zenye hadithi, na mojawapo ni Muhogo Mchungu, ambamo mchezaji mkuu alikuwa kijana wa Idara ya Ustawi wa Jamii aitwaye Rashidi Kawawa, ambaye baada ya Uhuru alikuja kuwa Waziri Mkuu wetu. Wazee wetu waliyaona magari ya sinema yakitandaza shuka jeupe uwanjani, na tangu hapo watu wengi wa vijijini wakajenga fikra kwamba sinema ni mwalimu mwingine anayekuja usiku.

Wenzetu wa Dar es Salaam walikuwa na majumba kama Empire, Avalon na Odeon. Sisi tuliosoma Rulenge hatukuwa na hayo. Televisheni yenyewe haikuanza kurusha matangazo Tanzania Bara mpaka mwaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa nayo toka miaka ya 1970. Na ilipoanza, mawimbi yake hayakutufikia. Sinema kwetu ilikuwa na maana ya deki ya vidio, televisheni moja iliyobebwa na watu wawili kama mgonjwa, na jenereta nyuma ya bwalo. Jenereta likikohoa, bwalo zima lilishika pumzi. Likizimika, yalifuata makelele ambayo kiranja wa zamu hakuweza kuyatuliza hata kwa kuandika majina.

Kwa njia hiyo niliona sinema yangu ya kwanza ya shule. Nyingine niliziona baadaye, nilipokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nyingine nimeziona juzi tu, nikiwa mtu mzima mwenye watoto wanaosoma sekondari. Nimezilinganisha, na ningependa kuwaeleza nilichokiona.

Wamarekani na ujana wao

Wamarekani ndio mabingwa wa sinema za namna hii. Nitazitaja tatu, zote za miaka ya 1970, na zote zikitazama nyuma miaka kumi hadi ishirini.

Ya kwanza ni American Graffiti, iliyotengenezwa na George Lucas mwaka 1973. Inaeleza usiku mmoja tu wa mwaka 1962 katika mji mdogo wa Modesto, California. Vijana wamemaliza shule, wanazunguka mjini kwa magari, redio zote zinapiga muziki wa kituo kimoja, na kukipambazuka mmoja wao atapanda ndege kwenda chuo. Hakuna jambo kubwa linalotokea. Hata hivyo sinema hiyo, iliyogharimu chini ya dola milioni moja, iliingiza zaidi ya dola milioni mia moja. Watu walikuwa wanalipa kuuona usiku wao wenyewe.

Ya pili ni Cooley High ya mwaka 1975, iliyoongozwa na Michael Schultz na kuandikwa na Eric Monte, aliyesoma shule hiyo hiyo mjini Chicago. Hii ni habari ya vijana weusi wa mwaka 1964: wanatoroka vipindi, wanapanda gari lisilo lao, wanaandika mashairi kwa siri. Mmoja anapata nafasi ya kwenda chuo kwa sababu ya ustadi wake katika mpira wa kikapu, naye hafiki, kwa kuwa anapigwa na kufa. Rafiki yake anasimama peke yake kaburini na kuzungumza naye.

Ya tatu ni Grease ya mwaka 1978, ambayo nadhani wengi wetu tumeiona. Ni nyimbo na ngoma tupu, na shule yenyewe haina mwalimu anayefundisha chochote. Wachezaji waliojifanya wanafunzi walikuwa watu wazima: Olivia Newton-John alikuwa na miaka 28 ilipopigwa picha, na Stockard Channing alikuwa na miaka 33. Wanangu walipoiona walicheka sana. Nikawaambia wasicheke mno. Katika shule yetu nasi kidato cha nne kilikuwa na ndugu wenye ndevu, ambao likizo walikwenda kusimamia mashamba yao wenyewe.

Sasa, zilinganisheni sinema hizo tatu kwa namna zinavyomalizika. Grease inamalizika kwa gari kupaa angani. Hakuna anayezeeka, anayekufa, wala anayekosa ada. Ni kumbukumbu iliyotolewa mifupa yote. Lakini American Graffiti, baada ya raha zote zile, inamalizika kwa maandishi machache juu ya picha za vijana wanne. Mmoja aliuawa na dereva mlevi Desemba 1964. Mwingine alipotea vitani Vietnamu Desemba 1965. Wa tatu ni wakala wa bima pale pale Modesto. Wa nne ni mwandishi anayeishi Kanada. Basi, hayo tu. Mtazamaji aliyekuwa akicheka kwa saa moja na nusu ghafla anaelewa kwamba usiku ule ulikuwa wa mwisho, na kwamba wenyewe hawakujua.

Cooley High nayo ina maandishi ya namna hiyo mwishoni. Lakini kuna tofauti moja ninayotaka muitie moyoni. American Graffiti iliwaandikia wavulana wanne peke yao. Wasichana wa hadithi ile, waliokuwa nusu ya usiku wenyewe, hawakuandikiwa hata neno moja. Watu wengi waliilaumu kwa hilo toka ilipotoka. Cooley High iliwataja na wasichana. Kumbe hata katika kukumbuka kuna orodha, na mwenye kuandika orodha ndiye anayeamua nani alikuwepo.

Sinema za mwalimu

Kuna kundi la pili, ambalo mwenye kukumbukwa ni mwalimu. Mfano bora ni To Sir, with Love ya mwaka 1967, iliyoongozwa na James Clavell. Sidney Poitier ni mhandisi mweusi anayekosa kazi ya fani yake London, anakubali kufundisha watoto wa kimaskini wa mashariki ya mji, nao wanamtesa kwanza kisha wanampenda. Miaka kumi na miwili kabla ya hapo, mwaka 1955, Poitier huyo huyo alikuwa mwanafunzi mkorofi katika sinema ya Blackboard Jungle. Mtu mmoja alikaa pande zote mbili za dawati, jambo ambalo wengi wetu tulioingia ualimu kabla ya kuhamia wizara nyingine tunalifahamu.

Sinema hiyo ilitokana na kitabu cha mwaka 1959 cha E. R. Braithwaite, mzaliwa wa Guyana aliyekuwa rubani wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Pili na baadaye akafundisha kweli katika sehemu hizo za London. Braithwaite alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 104, na wakati wa uhai wake alisema waziwazi kwamba hakuipenda sinema iliyotokana na maisha yake. Ukisoma kitabu na kuitazama sinema, unaona sababu. Katika kitabu, mwalimu anahesabu kila tusi alilotukanwa kwa ajili ya rangi yake, ndani ya basi, kwenye ofisi za kazi, katika nyumba za kupanga, na mapenzi yake na mwalimu wa kizungu ni sehemu kubwa ya habari. Katika sinema hayo yamepunguzwa mpaka yakabaki harufu tu, na mahali pake umewekwa wimbo wa kuaga. Wimbo ni mzuri, nao ulishika nafasi ya kwanza Marekani kwa majuma matano mwaka 1967. Lakini ni rahisi zaidi kumwimbia mwalimu siku ya kuaga kuliko kumwuliza alikuwa analala wapi na anakula nini mwaka mzima. Nawaachia hilo walio na kumbukumbu ya walimu wetu, ambao mishahara yao iliwafuata Ngara kwa kuchelewa sana.

Sarafina!

Sinema ya kwanza ya shule niliyoiona mimi ilikuwa Sarafina!, na niliiona katika bwalo letu Juni 1996, Jumamosi ya mwisho kabla ya likizo. Nilikuwa kidato cha pili. Mwalimu wetu wa historia ndiye aliyeileta kanda, akatueleza kwanza kwa nini mwezi wa Juni: Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa umeamua mwaka 1991 kwamba tarehe 16 Juni iwe Siku ya Mtoto wa Afrika, kwa kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi tarehe hiyo mwaka 1976 walipoandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaansi.

Sinema hiyo ya mwaka 1992 iliongozwa na Darrell Roodt kutokana na mchezo wa jukwaani wa Mbongeni Ngema. Leleti Khumalo ni Sarafina, msichana wa shule anayeota kuwa nyota. Whoopi Goldberg ni mwalimu wa historia anayefundisha yasiyomo katika vitabu vya serikali, naye anakamatwa na kufia mikononi mwa polisi. Miriam Makeba ni mama mtumishi wa nyumbani. Kuna nyimbo na ngoma kama za Grease. Kuna mwalimu mpendwa kama wa London. Lakini kati ya wimbo na wimbo askari wanaingia shuleni na kufyatua risasi.

Tanzania tuna haki ya kuiita habari hiyo yetu pia. Vijana waliokimbia Afrika Kusini baada ya mwaka 1976 walipokewa hapa nchini, na ANC ikajengewa mahali Mazimbu, Morogoro, ambapo toka mwaka 1978 kilikuwepo Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu, kilichopewa jina la kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Mwaka 1992 majengo hayo yalikabidhiwa kwa serikali yetu, nayo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Mwalimu wetu alituambia haya yote huku jenereta likinguruma, nasi tulikuwa na hamu aache kusema aanze picha.

Sasa naifikia sababu yangu.

Katika darasa letu alikuwepo kijana mmoja ambaye sitamtaja jina. Aliingia pamoja nasi mwaka 1995. Aliishi kwa shangazi yake katika kijiji kimoja cha Bushubi, na jina aliloandikishwa nalo lilikuwa la ukoo wa mume wa shangazi. Kishubi na Kihangaza havikumpa taabu, kwa kuwa lugha za huku na za ng'ambo ya mto ni ndugu; lakini Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi, na sisi tulikuwa na masikio makali. Msisahau ilikuwa miaka gani. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 tu, watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamevuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Wilaya ya Ngara. Benaco ilikuwa mji mkubwa kuliko mji wowote wa mkoa wetu. Kuni zilikuwa zimekwisha vilimani, bei ya kila kitu ilikuwa imepanda, na neno "mkimbizi" lilikuwa tusi. Sisi tulimwita hivyo, mimi nikiwa mmojawapo, na si kwa uchache.

Askari walipoanza kufyatua risasi katika Sarafina!, kijana huyo alisimama, akapita kati ya viti akikanyaga watu miguu, akatoka nje. Tulimzomea. Mmoja wetu alipiga kelele kwamba risasi za televisheni hazitoki kwenye kioo, na bwalo zima likacheka. Aliyepiga kelele hizo ni mimi. Baadaye nilimkuta amekaa nyuma ya bwalo karibu na jenereta, mahali palipokuwa na kelele nyingi kuliko penginepo. Sikumwambia kitu.

Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda waliamriwa warudi kwao kabla ya mwisho wa mwaka, na barabara ya Rusumo ikajaa watu tena, safari hii wakielekea upande wa pili. Januari 1997 tulipofungua shule, kitanda cha kijana huyo kilikuwa kitupu. Hakuna aliyetangaza lolote. Baada ya majuma mawili kitanda kilipewa mtu mwingine na jina likapigwa mstari katika rejista kwa wino mwekundu, kama walivyopigwa mstari waliokosa ada.

Notre-Dame du Nil

Niliishi na jambo hilo bila kulitazama kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka mmoja uliopita nilikutana na sinema nyingine, na hiyo ndiyo iliyonikalisha chini niandike.

Inaitwa Notre-Dame du Nil, yaani Bibi Yetu wa Mto Nili. Ilitengenezwa mwaka 2019 na Atiq Rahimi, mzaliwa wa Afghanistan, na ilipigwa picha Rwanda. Inatokana na riwaya ya mwaka 2012 ya Scholastique Mukasonga, mwanamke wa Kinyarwanda aliyezaliwa mwaka 1956, ambaye mwaka 1973 ilimlazimu kukimbilia Burundi akiwa mwanafunzi, na ambaye ndugu zake wengi waliuawa mwaka 1994. Habari yenyewe ni ya shule ya bweni ya wasichana wa Kikatoliki, juu mlimani karibu na chemchemi ya Nili, mwaka huo huo wa 1973.

Ndugu zangu, nilipoianza nilidhani nimerudi nyumbani. Mvua ile ni yetu, na ukungu ule ni wetu. Wasichana wanafua sare, wananong'ona bwenini baada ya taa kuzimwa, wanacheka katika msafara wa kidini, wanaandika barua. Mpaka katikati ya sinema unaweza kudhani ni ile hamu tamu ya ujana tuliyoizoea kwa Wamarekani. Kisha mwanafunzi mmoja, binti wa mkubwa serikalini, anachukizwa na pua ya sanamu ya Bikira Maria kwa kuwa anaiona ni pua ya Kitutsi, naye anaazimia kuibadilisha. Anapochafuka katika jaribio hilo anasema uongo kwamba ameshambuliwa. Uongo huo unakua, na shule inaanza kuwatafuta wanafunzi wake wachache wa Kitutsi, walioingia kwa hesabu maalumu iliyowekwa. Walimu wanajua na kunyamaza. Wasichana waliokuwa wakisukana nywele juma lililopita wanafungua milango.

Hiyo si hadithi ya kubuni tupu. Mwaka 1973 wanafunzi wa Kitutsi walifukuzwa kweli katika shule na vyuo vya Rwanda. Na mwaka mmoja kabla, 1972, Burundi ilikuwa imeona kinyume chake: Wahutu waliosoma, wakiwemo walimu na wanafunzi wa sekondari, walichukuliwa na kuuawa, na jumla ya waliokufa katika nchi hiyo ilikuwa zaidi ya watu 100,000. Wengi waliookoka walikuja kwetu. Kwa hiyo katika sehemu hii ya dunia tunayoiita nyumbani, kuwa mwanafunzi wa sekondari kumewahi kuwa sababu ya kuuawa, pande zote mbili za mpaka, na kila upande ukimtafuta mwenzake.

Na kuhusu ule mto: chemchemi za Nyabarongo hutiririkia Mto Kagera, na Kagera hukutana na Ruvubu hapo Rusumo, mpakani mwa wilaya yetu. Maji ya Notre-Dame du Nil tunayaona sisi kabla hayajafika kwingine. Mwaka 1994 yaliteremsha maiti mpaka Ziwa Viktoria.

Nilipomaliza kuitazama ndipo nilipoelewa kitu kidogo sana ambacho mtoto wa kidato cha pili angeweza kukielewa kama angetaka. Yule kijana hakutoka bwaloni kwa sababu aliogopa kioo. Alitoka kwa sababu yeye peke yake katika bwalo lile alijua sinema ile inasema kweli.

Kulinganisha

Nikizipanga sinema hizi, naona aina nne za kukumbuka shule. Grease inakumbuka kana kwamba hapakuwa na maumivu. To Sir, with Love inakumbuka maumivu lakini inayasamehe upesi mno, kwa wimbo. American Graffiti na Cooley High zinakumbuka raha, kisha mwishoni zinatoa hesabu: fulani yuko hapa, fulani amekufa. Sarafina! na Notre-Dame du Nil zinakwenda mbele zaidi. Zinauliza shule yenyewe ilifanya nini, na wenzao walifanya nini, wakati wa saa ya hatari.

Sisemi kwamba raha ni uongo. Sisi nasi tulikuwa na raha zetu: mchakamchaka wa alfajiri, nyimbo, ndizi na maharage ya Jumapili, na usiku wa jenereta. Asiyekumbuka hayo ana moyo mkavu. Tena, kusoma sekondari enzi zetu kulikuwa bahati ya wachache. Shule za kata hazikuenea mpaka miaka ya 2000, na watoto wengi tuliomaliza nao darasa la saba, wengine wenye akili kutushinda, walibaki nyumbani. Kufurahia bahati hiyo ni haki yetu. Ninalosema ni kwamba gazeti letu, toleo baada ya toleo, limekuwa likikumbuka kwa namna ya Grease. Tunatangaza waliopandishwa vyeo, waliopata shahada, waliojenga. Majina yangu nami yamo humo mara mbili, na sikukataa.

Chukueni picha yetu ya kidato cha kwanza ya mwaka 1995, na ile ya kidato cha nne ya mwaka 1998, mhesabu vichwa. Wako waliokosa ada. Wako waliofukuzwa kwa makosa ambayo leo tunayasimulia kwa kicheko kwa kuwa sisi hatukukamatwa. Wako waliougua na kufa, katika miaka ambayo maradhi yale yalikuwa hayatajwi kwa jina mkoani kwetu. Na yuko mmoja aliyezomewa. Hao wote hawapelekewi barua ya mwaliko, kwa sababu katiba yetu inamtambua kama mwanachama mtu "aliyehitimu".

Ninaleta hoja mbili mbele ya mkutano. Kwanza, neno "aliyehitimu" libadilishwe liwe "aliyeandikishwa". Pili, katika toleo lijalo tuchapishe rejista ya kila mwaka wa kuingia kama ilivyokuwa siku ya kwanza, bila wino mwekundu, na mbele ya kila jina tuandike mstari mmoja wa yaliyompata, kama walivyofanya wale wa Modesto na Chicago. Ila sisi tusimwache mtu nje. Mwenye habari za mwenzake alete. Pasipo na habari, tuache nafasi, ili ndugu zake wakija kusoma waone kwamba palikuwa na nafasi yake.

Kazi hiyo naweza kuianza mimi kwa mwaka wetu. Mbele ya jina langu andikeni: mtumishi wa serikali, baba wa watoto watatu, alipiga kelele bwaloni Juni 1996. Na mbele ya jina la yule kijana, nawaomba yeyote mwenye habari zake, awe huku au ng'ambo ya Rusumo, anisaidie kujaza. Ikiwa yu hai na gazeti hili litamfikia, ajue kwamba kiti chake katika mkutano wetu kipo, na kwamba nina neno la kumwambia ambalo nilipaswa kumwambia siku ile, pale karibu na jenereta.